Muziki wa baa usiku: Hasara isiyoandikwa kwenye daftari la mkulima

SAA 8 usiku katika milima ya Usambara ni saa ya baridi na ukimya. Ukungu umelala bondeni, ng'ombe wamejikunja zizini, na mkulima wa mboga anamalizia usingizi wake. Kabla ya saa 11 alfajiri matenga ya nyanya na magunia ya kabichi lazima yawe kando ya barabara yakisubiri gari.

Lakini kwa zaidi ya mwaka mmoja, katika kituo kidogo cha biashara wilayani Lushoto nilikokuwa nimepanga chumba, saa 8 usiku ilikuwa saa ya sabufa. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na baa. Mwanzoni ilikuwa grosari ya meza nne na redio moja. Baadaye mwenyewe akanunua spika mbili kubwa na sabufa, na kuanzia hapo bati la paa letu likawa linatetemeka hadi wateja wa mwisho watakapochoka.

Makala hii haina nia ya kuwasema wanywaji wala kuwachongea wenye baa. Baa ni biashara halali kama zilivyo duka la pembejeo na mashine ya kusaga. Ninachotaka tukitazame ni hesabu. Kelele za usiku zina gharama, na gharama hiyo hailipwi na anayezipiga. Inalipwa na jirani yake, kidogo kidogo, kwa namna ambayo haionekani kwenye risiti yoyote.

Nani analipa

Mama mwenye nyumba wangu alikuwa mjane mwenye ng'ombe wawili wa maziwa na bustani ya pilipili hoho. Ratiba yake ilianza saa 10 alfajiri: kukamua, kupeleka maziwa kituoni, kisha kuingia bustanini kabla jua halijawa kali. Muziki ulipoanza kuvuka saa 6 usiku, alikuwa akipata usingizi saa 8 na kuamka akiwa amechelewa. Maziwa yanayochelewa kufika kituoni yana hatari ya kukataliwa, na maziwa yaliyokataliwa hayauziki tena kwa bei ile.

Wafugaji wanajua jambo jingine. Ng'ombe aliyeshtuka hatoi maziwa yake yote. Maziwa hushuka kwa msaada wa homoni inayotoka ng'ombe anapokuwa ametulia. Akiingiwa na hofu, mwili hutoa homoni nyingine inayozuia ile ya kwanza isifanye kazi yake. Ng'ombe huzoea mlio ule ule unaoendelea, lakini hazoei kishindo cha ghafla, chupa zinazovunjwa, wala watu wanaogombana ukutani mwa zizi.

Jirani wa pili alikuwa na nyumba ya wageni yenye vyumba sita. Wateja wake wakubwa walikuwa madalali na madereva wa fuso wanaofuata mboga, na mara moja moja watalii wa bei nafuu waliotoka kutazama Irente au msitu wa Magamba. Mtalii akikosa usingizi usiku mmoja, wa pili halali hapo. Dereva naye, ambaye ana safari ya zaidi ya kilomita 300 hadi Dar es Salaam, hawezi kuchagua. Hulala saa mbili, kisha huamka na kuteremka na mzigo kupitia kona za Soni hadi Mombo. Kila anayeijua barabara ile, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, anaelewa maana ya dereva mwenye usingizi.

Jirani wa tatu alikuwa na watoto wawili wa shule, mmoja akiwa darasa la saba. Hasara ya huyo siwezi kuitia kwenye shilingi, lakini hakuna mzazi atakayesema haipo.

Kosa nililofanya

Nianze kwa kukiri kosa langu, kwa sababu wengi hulifanya. Usiku mmoja wa Jumatano nilivaa koti, nikaenda moja kwa moja hadi kaunta na kumfokea mwenye baa mbele ya wateja wake. Alinijibu kwa upole kwamba yeye ana leseni. Wateja wakacheka. Nilipogeuka kuondoka, sauti iliongezwa, na kwa wiki nzima iliyofuata hali ilikuwa mbaya kuliko mwanzo.

Mtu huwezi kumwaibisha mfanyabiashara mbele ya wateja wake kisha ukategemea akusikilize. Zaidi ya hapo, saa 7 usiku hakuna mazungumzo. Mmoja ana hasira, mwingine ana mauzo, na waliobaki wamelewa.

Baada ya hapo nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Alinipokea vizuri na kuahidi kushughulikia. Jioni ile ile nikamkuta amekaa pale pale baa, glasi mkononi. Sikumlaumu. Kituo chote kilikuwa na sehemu moja tu ya kukaa jioni, na hili nalo ni jambo la kuzingatia. Watu wanaoomba baa ipunguze sauti na watu wanaokwenda kukaa baa mara nyingi ni watu wale wale.

Mafunzo ya mwuza peremende wa London

Kwa sisi tuliosoma uchumi, mgogoro wa aina hii ni wa zamani. Mwaka 1879 mahakama ya Uingereza iliamua kesi inayojulikana kama Sturges dhidi ya Bridgman. Bridgman alikuwa akitengeneza peremende na vitamutamu mjini London, na jikoni kwake alikuwa na vinu vikubwa vya kutwangia. Alitwanga kwa zaidi ya miaka 20 bila mtu kulalamika. Jirani yake Sturges, ambaye alikuwa daktari, akajenga chumba cha kuonea wagonjwa mwishoni mwa bustani yake, ukutani kabisa mwa jiko lile. Mishindo ya kinu ikawa inamzuia kufanya kazi. Akashitaki, akashinda.

Utetezi wa mwenye vinu ulikuwa kwamba yeye alitangulia. Mahakama haikukubali. Kutangulia mahali peke yake hakumpi mtu haki ya kumsumbua anayekuja baadaye. Hata hivyo, majaji walisema pia kwamba mazingira ya mahali huangaliwa. Kinachohesabiwa kuwa kero katika mtaa wa makazi si lazima kiwe kero katika eneo la viwanda.

Kesi hii inatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Sheria za Tanzania zilipokea misingi ya sheria ya Uingereza iliyokuwepo hadi tarehe 22 Julai 1920, na madai ya kero kati ya majirani yamejengwa juu ya misingi hiyo. Si ajabu kwamba mambo haya yazungumzwe Lushoto, mji wenye Chuo cha Uongozi wa Mahakama.

Mwaka 1960 mchumi Ronald Coase, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1991, aliichukua kesi hiyo na kuitazama kwa jicho la hesabu. Alitumia pia mfano ambao mkulima wa Tanzania hahitaji kuelezwa: mfugaji ambaye ng'ombe wake wanaingia katika shamba la jirani na kula mazao. Hoja yake ilikuwa kwamba tatizo lina pande mbili. Ukimzuia mfugaji, unampa hasara yeye. Ukimwacha, unampa hasara mkulima. Swali la kiuchumi ni hili: hasara ipi ni kubwa zaidi, na nani anaweza kuiepuka kwa gharama ndogo? Haki ya kila mmoja ikijulikana wazi na mazungumzo yakiwa rahisi, wenyewe wanaweza kufikia mapatano yanayowafaa wote. Ugumu, alikiri, ni kwamba mara nyingi mazungumzo hayo si rahisi.

Hesabu ya masaa matatu ya ziada

Nilipomaliza hasira zangu nilikaa na kalamu. Tufanye mfano wa kufikirika, ambao kila msomaji anaweza kuubadilisha kwa bei za kwake.

Tuseme baa inauza chupa 100 kwa usiku, na kati ya hizo 88 huuzwa kabla ya saa 5 usiku. Zilizobaki 12 huuzwa kati ya saa 5 na saa 8. Kama faida ni Sh500 kwa chupa, masaa matatu ya ziada yanaingiza Sh6,000.

Sasa toa gharama za masaa hayo. Mhudumu na mlinzi wa ziada, Sh5,000. Umeme, Sh1,000. Kisha chupa mbili tu za mali kauli ambazo aliyekunywa hatazilipa kamwe, kwa bei ya kuuzia ya Sh2,000 kila moja, Sh4,000. Jumla ya gharama ni Sh10,000. Mwenye baa amekesha ili apate hasara ya Sh4,000.

Geukia upande wa pili. Ng'ombe wa jirani wakipungua lita moja kwa siku kwa bei ya Sh1,000, ni Sh30,000 kwa mwezi. Nyumba ya wageni ikikosa wateja wawili kwa wiki wa chumba cha Sh15,000, ni Sh120,000 kwa mwezi wa wiki nne. Mkulima akichelewa gari siku nane za mzigo kwa mwezi, na akalazimika kuuza matenga matatu kila mara kwa Sh5,000 pungufu, ni Sh120,000 nyingine. Kaya tatu zimepoteza Sh270,000 kwa mwezi.

Hata kama tungemhurumia mwenye baa na kufuta gharama zake zote za masaa ya ziada, Sh6,000 kwa usiku 30 ni Sh180,000. Bado kituo kwa ujumla kinapoteza. Yaani hata wakati ambapo mmoja anadhani anapata, jamii nzima inakuwa maskini zaidi.

Hesabu hii haisemi baa ifungwe. Chupa 88 za kabla ya saa 5 usiku ndizo zinazolipa mshahara wa wahudumu, zinazonunua mbuzi wa jirani, viazi vya chipsi, ndizi, nyanya na kabichi ya kachumbari. Baa ile ilikuwa mteja wa kila siku wa wakulima wale wale waliokuwa hawalali. Kuifunga kungekuwa kuua soko letu wenyewe.

Sauti inavyosafiri milimani

Kabla ya kumwendea mwenye baa mara ya pili, nilijifunza kidogo kuhusu sauti, ili nisiombe kisichowezekana.

Sauti hupimwa kwa desibeli, na kipimo hiki hakijumlishwi kama shilingi. Ukizima spika moja kati ya mbili zinazofanana, unapunguza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio hulitambua kwa shida. Ukipunguza desibeli 10, sikio husikia kama sauti imebaki nusu. Mahali pa wazi, kila umbali kutoka kwenye spika unapokuwa mara mbili, sauti hupungua kwa takribani desibeli 6.

Milimani kuna jambo la ziada. Usiku hewa baridi huteremka na kutulia bondeni, huku juu yake kukiwa na hewa yenye joto kidogo. Hali hiyo huipinda sauti irudi chini badala ya kupotelea angani. Ndiyo maana muziki ambao mchana husikiki ng'ambo ya bonde, usiku unausikia hadi maneno ya wimbo.

Aidha, besi ya sabufa ni tofauti na sauti nyembamba. Sauti nyembamba huzuiwa na ukuta, na ukiigeuza spika hupungua. Besi hupenya ukuta wa matofali, hupita chini ya mlango na kulitikisa bati. Kwa hiyo kugeuza spika peke yake hakutoshi. Sabufa lazima ipunguzwe yenyewe, na isiwekwe sakafuni wala kwenye kona, mahali ambapo besi huongezeka.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza kelele zinazoendelea ndani ya chumba cha kulala zisizidi desibeli 30 ili mtu alale vizuri.

Sheria inasema nini

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inahesabu kelele kuwa uchafuzi wa mazingira kama ulivyo moshi au maji machafu. Chini yake zilitungwa kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015. Katika eneo la makazi, kiwango cha juu ni desibeli 50 mchana na 35 usiku. Katika eneo la makazi lililochanganyika na biashara na burudani, ni 55 mchana na 45 usiku. Usiku huhesabiwa kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kanuni hizi hazichagui: zinahusu baa, ukumbi wa harusi, jenereta na hata mashine ya kusaga.

Upande wa pombe, Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 ndiyo msingi wa leseni za baa. Kwa baa ya kawaida, saa zilizozoeleka za kufunga ni saa 5 usiku siku za kazi na saa 6 usiku mwisho wa wiki. Lakini aina za leseni ni kadhaa, kwa hiyo kitu cha kwanza ni kuiona leseni yenyewe, ambayo kwa kawaida hubandikwa ukutani. Ikumbukwe pia kwamba kuwa na leseni ya kuuza pombe si ruhusa ya kupiga muziki kwa sauti yoyote. Hayo ni mambo mawili tofauti, na ndipo wengi wanapochanganya.

Katika miaka ya karibuni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) lilifungia baa na kumbi za starehe kadhaa katika miji mikubwa, ikiwamo Dar es Salaam, kwa sababu ya kelele. Kwa hiyo mwenye baa anayedhani sheria hii ni ya kwenye makaratasi anajidanganya. Kufungiwa kwa wiki moja tu, akiwa na mkopo, kunaweza kummaliza.

Kikao cha saa 4 asubuhi

Nilimwendea tena siku ya Jumatatu, saa 4 asubuhi, wakati baa haina mtu. Nilikwenda na mama mwenye nyumba na yule mwenye nyumba ya wageni. Tulinunua soda, tukakaa. Nilianza kwa kumwomba radhi kwa usiku ule niliomfokea. Hilo peke yake lilibadilisha uso wake.

"Bwana Shamba, yameisha hayo," alisema. Kituoni kila mwenye shahada ya kilimo ni bwana shamba, hata kama kazi yake ni hesabu.

Mama mwenye nyumba hakuzungumza habari za sheria. Alimwita mwanangu na kumkumbusha kwamba alimjua tangu akibebwa mgongoni. Kisha akamwambia saa anayoamka na kiasi cha maziwa alichokuwa akipeleka zamani na sasa. Kijana alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alikuwa hajui. Kwake muziki ulikuwa dawa ya kuvuta wateja wasihamie kituo cha jirani, na vyombo vile alivinunua kwa mkopo wa Saccos ambao bado alikuwa akiulipa.

Nilichoweka mezani ni mambo mawili. La kwanza ni daftari. Kwa wiki tatu nilikuwa nimeandika tarehe, saa muziki ulipoanza, ulipozimwa, na kilichotokea: nani aliamka, gari gani lilikosa mzigo. Hakukuwa na matusi wala tuhuma ndani yake. La pili ni swali: kaka, unajua unauza chupa ngapi baada ya saa 5 usiku? Hakujua. Nilimwomba aandike kwa wiki mbili.

Aliandika. Wiki mbili baadaye alikuja mwenyewe kwenye kibaraza chetu, daftari mkononi. Siku za kazi, masaa ya ziada yalikuwa hayalipi. Siku za Jumamosi yalilipa.

Hapo ndipo mapatano yalipozaliwa. Siku za kazi sauti inashushwa saa 4 usiku na baa inafungwa saa 5. Jumamosi inafungwa saa 6. Spika zinahamishiwa ndani na kugeuziwa upande wa barabara, sabufa inapandishwa kwenye meza na alama ya rangi inawekwa kwenye kitufe chake kisichovukwa. Kukiwa na shughuli maalumu, majirani wanaarifiwa siku mbili kabla. Kwa upande wetu, tuliahidi kwamba mwenye shida atampigia simu yeye kwanza kabla ya kwenda popote, na mwenye nyumba ya wageni akakubali kuwaelekeza wageni wake wakale nyama choma pale. Tuliandika, tukasaini mbele ya mtendaji, kila upande ukabaki na nakala.

Je, mambo yalinyooka? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Lakini yalivunjwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa usiku wa mechi ya Simba na Yanga, na sidhani kama kuna mapatano duniani yanayoweza kuuzuia usiku huo. Mara ya pili mwenyewe alikuwa amesafiri, na aliyeachiwa baa hakujua lolote. Baada ya hapo nakala ya mapatano ilibandikwa nyuma ya kaunta. Mama mwenye nyumba alirudia kuamka saa 10 alfajiri. Baa haikufungwa, na iliendelea kununua hoho zake.

Hatua za kufuata

Si kila mwenye baa atakuwa mwelewa kama huyu. Kwa msomaji mwenye tatizo la aina hii, nashauri afuate mpangilio ufuatao.

Kwanza, zungumza mchana, ana kwa ana, ukiwa na mtu anayeheshimika na pande zote. Usiende peke yako na usiende usiku.

Pili, weka daftari kwa angalau wiki mbili. Programu za simu za kupima sauti zinaweza kukupa picha, lakini zisihesabiwe kuwa ushahidi kamili. Kipimo kinachotambulika hufanywa na maofisa wenye vifaa.

Tatu, tafuta majirani wengine. Lalamiko la mtu mmoja huonekana ugomvi binafsi, la kaya tano ni kero ya umma. Kusababisha kero ya umma ni kosa katika Kanuni ya Adhabu.

Nne, peleka barua kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtaa na kwa mtendaji, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Lalamiko la mdomo halina kumbukumbu.

Tano, ikishindikana nenda halmashauri ya wilaya. Afisa Mazingira anahusika na kelele, Afisa Biashara na leseni. Leseni ya vileo huhuishwa, na wakati wa kuhuisha ndio wakati mzuri wa malalamiko yenye ushahidi kusikilizwa.

Sita, baraza la kata lipo kwa ajili ya kupatanisha, na mahakama ipo kwa atakayeshindwa kote. Kukiwa na mapigano au vitisho usisubiri hatua zote hizi, ita polisi.

Kwa vijiji vinavyokua haraka kuwa miji midogo, kuna njia bora zaidi. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikajadiliwa na mkutano mkuu wa kijiji na kupitishwa na halmashauri ya wilaya. Kijiji kikiamua mapema baa zikae wapi na muziki uishe saa ngapi, mfanyabiashara atajua masharti kabla hajakopa fedha za spika. Wasambaa wamegawana maji ya mifereji kwa zamu vizazi na vizazi, kila mmoja akijua saa yake ya kufungua na kufunga. Usiku nao unaweza kugawanwa namna hiyo.

Kwa wenye baa nina ombi moja. Andikeni mauzo yenu kwa saa, wiki mbili tu. Huenda mkagundua kwamba masaa yanayowagombanisha na majirani ndiyo hayo hayo yanayowatia hasara. Na kwa wakulima, kabla ya kwenda kufoka kaunta, kumbukeni kwamba anayewanyima usingizi ndiye pia anayenunua viazi vyenu. Mazungumzo ya saa 4 asubuhi hugharimu soda tatu. Ugomvi wa saa 7 usiku unaweza kugharimu jirani.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.